Siku Thelathini za Tangazo la Ambalafary

Jumapili, 31 Desemba 1961

Halidi amerudi kutoka Hell-Ville amelowa chapachapa, na mwavuli wake ameufunga kwapani. Nilidhani amerukwa na akili. Kumbe ndani ya mwavuli ameviringisha tangazo, nalo ni kavu kabisa. Halidi ndiye mwenye duka la mchele na vitambaa hapa kijijini, na ndiye mwenyekiti wa kamati yetu. Leo nimemwona mzuri, mimi ambaye kila siku namwona mbahili.

Tangazo linasema kwamba sisi watu wa Ambalafary tunaomba kuwa mji, wenye baraza letu, meya wetu na daftari letu la vizazi, tusiwe tena mkia wa Hell-Ville. Sheria inataka libandikwe mahali pa wazi siku thelathini mfululizo, kuanzia tarehe mbili. Lichapwe pia katika gazeti la wiki linalotoka Mahajanga. Na pembeni yake liwekwe daftari la wanaopinga. Wakifika arobaini, ombi letu linarudi kabatini miaka mitatu.

Wamechagua ukuta wangu, kwa sababu nyumba yangu iko njia panda, najua kusoma, na mchana kutwa niko barazani na cherehani yangu. Kazi yangu ni kutia sahihi kila asubuhi kwamba tangazo lipo na linasomeka. Sikukataa. Nilijifanya kufikiri kidogo tu, wasije wakasema nimerukia.

Sababu yangu naijua mwenyewe. Fatouma, binti yangu, ana mimba ya miezi sita. Mtoto akizaliwa lazima aandikishwe kabla ya siku kumi na mbili kupita, na ofisi iko Hell-Ville, na mvua za Machi zikijaza mto hakuna anayevuka. Ndivyo ilivyonipata kwa Fatouma mwenyewe. Tulifika tumechelewa, ikabidi twende kwa hakimu, naye akaandika: amezaliwa yapata 1940. Yapata! Mimi niliyemzaa nilikuwepo. Ilikuwa Jumatano alfajiri, na jogoo wa jirani alikuwa hajamaliza kuwika. Mwanangu si fununu. Sitaki mjukuu wa yapata.

Naandika haya kwa Kiswahili alichonifundisha marehemu baba, aliyekuwa karani wa ghala Zanzibar kabla hajahamia huku kisiwani Nosy Be. Hapa tunasema Kimalagasi, wazee wetu Kikomori, na Fatouma hawezi kusoma hata mstari mmoja wa daftari hili. Kwa hiyo naweza kuwasema watu nitakavyo.

Jumanne, 2 Januari 1962

Lipo. Linasomeka. Watoto wa shule wamelisoma kwa sauti wakienda na wakirudi.

Jumatano, 3 Januari

Lipo. Linasomeka. Mvua.

Alhamisi, 4 Januari

Lipo, ila pembe ya chini imelambwa na mbuzi wa Youssouf. Kosa ni langu, gundi niliipika kwa unga wa muhogo na nikatia chumvi kidogo isiote ukungu. Nilimfukuza yule mbuzi na rula mpaka kwa mwenyewe. Youssouf ana mkokoteni wa ng'ombe na uso wa mtu aliyeumwa jino tangu utotoni. Badala ya kuomba radhi, akaniambia kwamba yeye anapinga huo mji, kwa sababu mji ni kodi, na kesho atakuja kuandika. Nikamwambia aje na mbuzi wake watie sahihi pamoja.

Ijumaa, 5 Januari

Youssouf ameandika. Mvua imepiga ukuta tangu usiku, ikabidi nitoe kioo cha picha ya harusi yangu na kukigongomea juu ya tangazo. Marehemu mume wangu sasa yuko kabatini bila kioo. Angeelewa. Lipo. Linasomeka kuliko jana.

Jumamosi, 6 Januari

Leo amekuja Koko Ramlati. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na huyu ni koko wa kijiji kizima: ni shangazi wa marehemu mume wangu, na hakuna aliye hai hapa anayemzidi umri. Alivaa saluva yake ya njano, lile vazi letu la kujifunga mwili mzima, na kishali kipya kichwani, kama anayekwenda kwenye shughuli. Akaketi barazani, akanyoosha kidole kwenye daftari.

"Andika kwamba mimi Ramlati sikuambiwa."

"Koko, tangazo si hili hapa? Hukuliona?"

"Nimeuona ukuta wako. Ukuta ndio uniambie mimi? Ulipoolewa na mwana wa kaka yangu, niliambiwa na ukuta?"

"Koko, hili ni jambo la serikali, si harusi."

"Basi andika kwamba serikali haina adabu."

Niliandika lile la kwanza tu, akaweka dole gumba. Akanywa chai yangu, akaisifu, akaondoka.

Najua anachokisema. Kwetu mwenye shughuli huvaa, huenda nyumba kwa nyumba akianzia kwa mkubwa wa wote, huketi, husema kwa mdomo wake. Asiyeambiwa haendi, na akienda amejidhalilisha. Lakini hii ni karatasi yenye muhuri wa Jamhuri, jamani! Tumepata uhuru wetu juzi tu, nasi tumeanza kununiana na ukuta.

Jumatatu, 8 Januari

Lipo. Linasomeka. Wanane katika daftari. Wote "sikuambiwa", isipokuwa Youssouf.

Alhamisi, 11 Januari

Lipo. Linasomeka. Kumi na tisa.

Mimi mwenyewe ndiye ninayewaandikia, maana wengi hawajui kalamu. Naandika kwa mkono wangu maneno yatakayomfanya mjukuu wangu awe yapata, kisha nawamiminia chai. Leo mama Boinali alitaka niandike kwamba anaupenda sana huo mji na anapinga kutoambiwa. Nilimwambia daftari lina safu moja tu. Akasema basi niandike hapo hapo, kwa herufi ndogo.

Hawa watu ni wajinga. Nimeliandika na sijutii, hakuna atakayelisoma.

Na juu ya hayo, gazeti limefika, nalo wamesahau kuchapa tarehe ya mwisho ya kupinga. Halidi ameusoma ule ukurasa mara tatu, kama kwamba tarehe ingeona haya ikajitokeza. Tangazo lisilo na tarehe ni sawa na halikuchapwa. Lazima lichapwe tena kabla ya tarehe ishirini na tano, na barua katika mvua hizi hatuziamini. Halidi hawezi kuacha duka. Kaka yangu yuko Mahajanga. Kwa hiyo nakwenda mimi, na Fatouma atatia sahihi badala yangu.

Jumapili, 14 Januari, Mahajanga

Nimefika. Meli ya mizigo, siku mbili, gunia la vanila upande huu na mama mwenye kuku upande ule. Nimetapika mpaka nyongo. Ibouroi kaka yangu alinipokea gatini akacheka kuniona kijani. Anakaa Antanimasaja, nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu alivyovijenga mwenyewe, maana ni seremala. Wifi yangu Charifa alinipikia uji wa mchele na tangawizi nikafufuka.

Jumatatu, 15 Januari

Kazi iliyonileta imechukua robo saa. Mchapishaji ni mzee mwenye wino mpaka kwenye nyusi. Alisoma, akajigonga kipaji cha uso, akaomba radhi mara nne, akaahidi kulichapa Jumatano bila malipo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana tangu Nosy Be, sasa sijui hasira hizi nizipeleke wapi.

Jumanne, 16 Januari

Nimejua pa kuzipeleka.

Asubuhi nilikuwa nafagia sebule, nisionekane mgeni wa kukaa bure. Juu ya kabati nikaona rundo la kadi nzuri za rangi ya maziwa, maandishi ya dhahabu. Echata, binti wa Ibouroi, anaolewa mwezi wa Aprili. Na katikati ya bahasha, moja ina jina langu na stempu tayari, inasubiri kwenda posta.

Mimi! Dada yake wa tumbo moja! Niliyembeba mgongoni mpaka akaweza kuvuka mto peke yake! Niko ndani ya nyumba yake, nalala kwenye mkeka wake, na habari ya harusi ya binti yake inangoja kwenda posta ili inifuate Nosy Be.

Nilikaa chini nikalia, sifichi. Charifa aliingia akadhani nimepata msiba. Ibouroi aliporudi kazini akaona bahasha mapajani mwangu, akaanza kueleza. Siku hizi Mahajanga ndivyo wanavyofanya, watu ni wengi, kadi ni heshima, tena ameilipia ghali, na alitaka inifikie kwa posta kama watu wakubwa wanavyotumiana.

"Mimi siitaki heshima ya dhahabu," nikamwambia. "Ulikuwa na mdomo. Nimelala hapa siku mbili, hukuniambia."

Na nilipokuwa nasema hivyo nikasikia sauti yangu, na nikaijua. Ilikuwa sauti ya Koko Ramlati, neno kwa neno, hata kile kidole nilikuwa nimekinyoosha. Nikaanza kucheka huku machozi yakinitoka. Ibouroi alimwangalia Charifa, Charifa akaleta maji.

Jana nilikuwa na akili kuliko kijiji kizima, leo kadi moja imenitoa machozi. Si kwamba watu wangu ni wajinga. Walikuwa wameumia, na mimi niliwamiminia chai.

Jioni Ibouroi alivaa kanzu na Charifa akafunga kishali. Wakaja wakaketi mbele yangu na kuniambia kwamba wanamwoza Echata, na kwamba bila mimi harusi haiwi. Nimekubali. Kadi nimeichukua pia, ni nzuri.

Jumatano, 17 Januari

Gazeti limetoka, tarehe imo, nimenunua nakala sita. Ibouroi alitaka anipeleke nikaone ufukwe wa Amborovy. Nilimwambia nina nyumba mia moja za kuingia kabla ya mwisho wa mwezi na nina siku chache. Hakuelewa, akanibebea mzigo.

Jumamosi, 20 Januari, Ambalafary

Nimerudi. Lipo. Linasomeka. Fatouma hakukosa hata siku moja, na tumbo lake limekua kama nilikuwa nimeondoka mwezi. Pingamizi thelathini na saba. Zikiongezeka tatu tumekwisha.

Jumapili, 21 Januari

Nimeanza. Saluva ya kijani, kishali, marashi ya langilangi nyuma ya masikio. Mvua ilikuwa kubwa, nikaanza na jirani, kisha anayemfuata. Naketi, nauliza hali, nasema: "Nimekuja kukuambia kwamba tunaomba kuwa mji." Wanajua, bila shaka wanajua, wamelisoma wiki tatu! Lakini nyuso zao, laiti ningeweza kuzichora. Mama Boinali alinishika mikono yote miwili. Na huwezi kutoka bila kula. Nyumba kumi na moja, vitumbua kumi na moja, na kwa mama Boinali wali wa nazi na kamba. Tisa wamekuja jioni wakafuta maneno yao. Ishirini na nane! Nimelala chali, siwezi kujigeuza.

Jumatatu, 22 Januari

Nyumba kumi na nne. Sitaki kuona kitumbua tena maishani.

Jumanne, 23 Januari

Nimeharibu.

Koko Ramlati amesikia kwamba natembea naambia watu, na kwamba sikuanza na yeye. Ni kweli. Mvua ilikuwa kubwa, kwa jirani kulikuwa karibu, na mimi, mwanamke mzima niliyeozwa na kuoza, nikaanzia chini. Amesema maneno machache tu: "Kumbe ameniruka." Maneno hayo yamezunguka kijiji kuliko gazeti la Mahajanga. Wale tisa wamerudi wakaandika tena, nao wamekuja na wengine sita.

Arobaini na tatu.

Fatouma aliniona nimeshika tama, akaniambia, "Mama, usijali. Hata yapata tunaishi." Alitaka kunifariji. Nimelia zaidi kuliko Mahajanga.

Alhamisi, 25 Januari

Lipo. Linasomeka. Nimekwenda kwa Koko kuomba radhi, na Halidi nyuma yangu amebeba kilo tano za mchele, tena ule mzuri. Koko alitupokea vizuri. Radhi ametoa. Mchele amepokea. Nilipoanza kusema habari ya mji, akainua mkono.

"Nani anatoa huo mji? Wewe?"

"Hapana, Koko."

"Halidi?"

"Mimi naomba tu, Koko," Halidi akasema.

"Basi nani?"

"Serikali."

"Basi mwenye shughuli ni serikali. Mwenye shughuli ndiye huja. Mimi sina ugomvi na nyinyi, wanangu. Kuleni."

Tukala. Kwa kweli hakuna pa kumkamatia Koko. Nimegeuza maneno yake kila upande, na kila upande ana haki.

Jumapili, 28 Januari

Lipo. Linasomeka. Mvua, mvua, mvua. Naendelea na nyumba zilizobaki, hata kama hazifuti, kwa sababu watu wana haki ya kuambiwa. Leo nilifika kwa Youssouf. Nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ahsante kwa kuja. Bado napinga." Akaniuliza kodi ya mikokoteni katika miji mingine ni kiasi gani, nami sikujua. Swali lake lilikuwa la maana kuliko yote niliyoulizwa mwezi huu.

Jumatano, 31 Januari

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Saa nne asubuhi ofisa wa wilaya aliingia na jipu yake mpaka njia panda, ikazama tope hapo hapo. Ni kijana wa kutoka Antananarivo, miwani, viatu vinavyong'aa, mkoba wa ngozi. Alikagua tangazo, akasifu kioo. Akahesabu sahihi thelathini, zangu na za Fatouma, moja moja. Akasoma gazeti, akapitisha. Kisha akafungua daftari la pingamizi, midomo yake ikihesabu.

"Arobaini na tatu. Pole, mama. Imekwisha."

"Daftari linafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Sasa ni saa nne. Bado haijaisha."

Nikamweleza. Alicheka, si kwa dharau, kwa kuchoka. Akasema sheria inamtaka abandike, ahesabu na apeleke ripoti. Haimtaki kwenda kuketi nyumbani kwa mtu.

"Inakukataza?" nikamuuliza.

Alifungua mkoba, akatoa ile sheria, akasoma. Wallahi alisoma kurasa zote mbili, amesimama kwenye tope, na nusu ya kijiji imemzunguka. Akazirudisha.

"Haikatazi," akasema.

Nikamtembeza mimi mwenyewe, na kijiji nyuma yetu, mbuzi wa Youssouf naye nyuma yao. Koko alikuwa ametandika mkeka mpya. Sijui aliambiwa na nani kwamba serikali inakuja, lakini ile saluva ya njano ilikuwa imepigwa pasi. Ofisa akavua viatu mlangoni. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba cha Jamhuri kikachungulia nje. Koko alikiona akatazama pembeni, kama mtu mwenye adabu afanyavyo.

Kijana akaketi, akakunja miguu vibaya, akasema kwa Kimalagasi chake cha bara: "Bibi, serikali imenituma kwako. Watu wa hapa wanaomba kuwa mji. Nimekuja kukuambia, na kusikia kama una neno."

Koko akaunyoosha upindo wa saluva yake.

"Meya atatoka wapi?" Koko akauliza.

"Mtachagua baraza, na baraza litamchagua."

"Na wanawake tutachagua?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kodi?"

Kijana angeweza kudanganya, na kila mtu angefurahi. Akasema: "Mwaka huu haibadiliki. Baadaye itakuwa kazi ya baraza lenu, na inaweza kupanda."

"Mmesikia!" akapaza sauti Youssouf kutoka dirishani.

"Tumesikia," Koko akajibu. "Ndiyo faida ya kuambiwa." Akamgeukia kijana. "Ahsante, mwanangu. Sasa nimejua. Kula."

Alikula vitumbua vitano. Kisha Koko akaushika mkono wangu, tukaja taratibu mpaka barazani kwangu, akaweka dole gumba juu ya dole gumba lake la kwanza, kulifuta. Nyuma yake wakajipanga. Ofisa alikaa kwenye kiti cha cherehani yangu akishuhudia kila mmoja. Saa kumi na moja kamili akafunga daftari. Zimebaki sita.

Moja ni ya Youssouf. Sikumbembeleza aifute. Nilimwita ndani, nikampa chai ya kwanza, kabla ya Halidi, kabla ya ofisa. Nikamwambia kwamba baraza likichaguliwa nataka yeye awemo, kwa sababu ya kodi. Alitabasamu. Kumbe ana meno mazuri.

Ilibidi vijana kumi na wawili waisukume ile jipu. Walikuwa wanaimba.

Jumanne, 6 Februari

Leo tumeanza kufunga Ramadhani. Tangazo nimelibandua, lakini asubuhi bado natoka kulitazama.

Jumapili, 25 Februari

Mvua. Mto umejaa. Hakuna habari.

Alhamisi, 8 Machi

Idi. Nguo kumi na saba nimeshona kwa wiki moja. Fatouma hawezi tena kuona miguu yake. Hakuna habari.

Jumanne, 20 Machi

Tarishi amevuka mto kwa mtumbwi leo asubuhi, na kabla hajafika ukingoni alikuwa amekwisha kupiga kelele. "Mmekuwa mji! Mmekuwa mji!" Wanawake walikuwa kwenye langilangi wakichuma maua, wakatupa vikapu. Vigelegele vilitoka shambani, vikajibiwa na shule, vikajibiwa na kwa Youssouf! Halidi alikuja mbio na barua, na chini ya barua kuna daftari jipya kabisa la vizazi, kurasa tupu. Nilimshika Fatouma na tumbo lake tukazunguka mpaka akaniomba nimwachie.

Halidi akaniuliza: "Nikaibandike wapi hii barua?"

Nilimwambia akavae kanzu. Sasa wenye shughuli ni sisi.

Tukaenda kwa Koko Ramlati kwanza, mimi na Halidi, na hatukusimama popote, ingawa kila mlango ulituita. Tulimkuta ameketi mkekani, uso umetulia, kama mtu ambaye hajasikia kitu chochote tangu asubuhi. Vigelegele bado vilikuwa vinapita juu ya paa lake.

"Habari gani, wanangu?" akauliza.

"Nzuri, Koko. Tumekuja kukuambia. Tumekuwa mji. Mtoto wa Fatouma ataandikwa hapa hapa, siku yake na saa yake."

Alifumba macho. Kisha akayafumbua, yana maji.

"Na mimi wataniandika? Mimi sijaandikwa popote."

"Watakuandika, Koko. Ulizaliwa mwaka gani?"

"Nitajuaje? Waandike mwaka wowote wanaoutaka," akasema, akitusogezea sinia. "Lakini waje kuniuliza."